Yeye Yupi? Viwakilishi vya Kilatini kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Kwa nini Kilatini kina "yeye" wengi kiasi hiki? Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila anayeanza kujifunza lugha hii. Anafungua kitabu, anakutana na is, hic, iste, ille, ipse, idem na se. Mbele ya kila neno kitabu kimeandika maana inayokaribiana na ya jirani yake: huyu, huyo, yeye, yeye mwenyewe. Halafu neno kama hic lina jedwali lenye visanduku 30 vya kukariri. Wengi huishia hapo.

Jibu fupi ni kwamba hao "yeye" wamegawana kazi. Mmoja anaonyesha kwa kidole, mwingine anamkumbusha msikilizaji mtu aliyekwisha kutajwa, mwingine anarudisha tendo kwa mtendaji wake. Jibu refu ndiyo sura hii. Nami nitashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: aliyelelewa kwa Kiswahili anafika kwenye viwakilishi vya Kilatini kwa njia fupi kuliko Mwingereza. Kinachomchelewesha ni kwamba vitabu vingi vya Kilatini vilivyotufikia viliandikwa kwa ajili ya Waingereza, basi anapitishwa London kwanza ndipo apelekwe Roma.

Chukua kijana wa Issenye, mkoani Mara. Nyumbani anazungumza Kiisenye, lugha iliyo karibu sana na Kinata na Kiikoma, kiasi kwamba wanaisimu huzihesabu zote tatu kuwa lugha moja yenye lahaja. Shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Akiingia seminari ya Kikatoliki kama ile ya Makoko, Musoma, au akienda kusomea sheria chuo kikuu, Kilatini kinamjia kikiwa lugha ya nne. Mwalimu anamfafanulia lugha hiyo ya nne kwa kutumia ya tatu, wakati majibu anayo tayari katika ya kwanza na ya pili.

Kilatini chenyewe hakikuja Mara jana. Mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani walifika Musoma mwaka 1946, Jimbo la Musoma likaundwa mwaka 1957, na miaka yote hiyo misa ilisomwa kwa Kilatini. Ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kupitisha hati yake ya liturujia, Desemba 1963, ndipo lugha za watu zilipofunguliwa mlango wa altare. Mahakamani Kilatini kilikuja na sheria za Kiingereza na hakijaondoka. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, lakini wakili akisimama mbele ya jaji bado utamsikia akisema suo motu na ipso facto. Maneno yote mawili yana viwakilishi ndani yake. Tutayafikia.

Kwanza: kiwakilishi ni nini?

Kiwakilishi ni neno, au kipande cha neno, kinachosimama mahali pa jina ili jina lisirudiwe. Badala ya kusema "Mwita alikuja, Mwita akakaa, Mwita akanywa maji," tunasema "Mwita alikuja, akakaa, akanywa maji." Ile "a" ya "akakaa" ndiyo inayombeba Mwita.

Zingatia maneno "kipande cha neno". Kiingereza hakiwezi kusema "akakaa" bila kuweka neno zima la "yeye" mbele yake. Kiswahili kinaweza, Kiisenye kinaweza, Kikurya kinaweza, na Kilatini kinaweza. Tofauti ni mahali pa kukibandika tu: sisi tunakiweka mbele ya kitenzi, Walatini walikiweka nyuma.

- ambulo: natembea
- ambulas: unatembea
- ambulat: anatembea
- ambulamus: tunatembea
- ambulatis: mnatembea
- ambulant: wanatembea

Kwa hiyo maneno ego (mimi), tu (wewe), nos (sisi) na vos (ninyi) hayahitajiki kila wakati. Ambulo imekwisha kujitosheleza. Ukisikia ego ambulo, msemaji anasisitiza, kama anayesema "mimi natembea", yaani wengine na wapande pikipiki. Mwanafunzi Mwingereza hufundishwa jambo hili kama kanuni ngeni. Wewe hulitumia tangu ulipoanza kuongea.

Umbo la mtenda na umbo la mtendwa

Jambo la pili linalowatisha watu ni kwamba kiwakilishi cha Kilatini hubadilika umbo kufuatana na kazi yake katika sentensi. Ego ni mimi ninayetenda. Me ni mimi ninayetendwa. Mihi ni mimi ninayepewa. Mei hutumika katika nafasi chache za maana ya "-a mimi". Watu huona huo ni ujanja wa ajabu.

Lakini hebu tazama: unaniona, nakuona, anamwona, wanatuona. Mtu wa pili akitenda ni u-, akitendwa ni -ku-. Mtu wa tatu akitenda ni a-, akitendwa ni -m-. Kama a- na -m- si maumbo mawili ya "yeye" mmoja, ni nini basi? Tumezoea kiasi kwamba hatuyaoni. Te video ni "nakuona". Me vides ni "unaniona". Tofauti moja tu ya kukumbuka ni kwamba Kiswahili kinatumia umbo lilelile kwa anayetendwa na anayepewa: "ananiona" na "ananipa" zote zina -ni-. Kilatini hutenganisha: me videt, lakini mihi dat.

Kuna na hili, dogo ila tamu. Kilatini kikitaka kusema "pamoja na mimi", neno cum lenye maana ya "na" huganda kwenye kiwakilishi na kuwa neno moja: mecum, tecum, nobiscum, vobiscum. Ndivyo tunavyofanya tunaposema nami, nawe, nasi, nanyi. Wazee waliohudhuria misa za Kilatini wanakumbuka salamu ya padri kwa waumini iliyoishia na vobiscum. Tafsiri yake ya Kiswahili inaishia na "nanyi", neno moja kwa neno moja.

Kwa ufupi, kwa viwakilishi vya nafsi: tafuta nafsi mwishoni mwa kitenzi, ukiona ego au tu imesimama peke yake, jua kuna msisitizo, na kumbuka kwamba mtendwa ana umbo lake, kama ilivyo kwetu.

Huyu, huyo, yule

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapomwacha Mwingereza mbali. Viwakilishi vya kuonyesha, au vioneshi, katika Kiingereza vina umbali wa aina mbili: karibu na mbali. Kiswahili kina aina tatu, na Kilatini pia kina aina tatu, zinazopangwa karibu kwa namna ileile.

Hic ni huyu, aliye karibu nami ninayesema. Iste ni huyo, aliye karibu nawe unayesikiliza, au anayekuhusu wewe. Ille ni yule, aliye mbali na sisi sote wawili. Vitabu vya Kiingereza hutumia nusu ukurasa kueleza iste, kwa sababu lugha yao haina pa kuiweka. Kwetu ni neno moja: huyo.

Hata maumbo ya jinsi hayapaswi kututia hofu. Kilatini kina jinsi tatu za majina, na kioneshi hufuata jinsi ya jina: hic kwa jinsi ya kiume, haec kwa jinsi ya kike, hoc kwa ile ya tatu ambayo wanasarufi waliiita neuter, yaani "si hii wala ile". Anayesema huyu, hiki, huu, hii, hili, hapa, huku na humu bila kufikiri hawezi kulalamika juu ya jinsi tatu. Ugumu halisi ni kwamba jinsi za Kilatini zinagusa pia tofauti ya mwanamume na mwanamke, jambo ambalo ngeli zetu hazijali: yeye wetu ni mama na ni baba.

Sasa uone jinsi vioneshi hivi vinavyobeba hisia. Katika mahakama za Roma, iste lilikuwa neno la wakili kumwonyesha mpinzani: huyo wako, huyo aliyekaa upande wenu. Polepole likachukua dharau. Mwaka 70 kabla ya Kristo, wakili Cicero alimshtaki Verres, aliyekuwa gavana wa Sicilia, kwa kuwapora watu aliopewa kuwatawala, na katika hotuba zake Verres ni iste tena na tena. Verres alikimbilia uhamishoni kabla kesi haijafika mwisho. Mswahili anayesema "huyo naye!" huku amebetua mdomo anajua kabisa Cicero alikuwa anafanya nini.

Ille likaenda upande mwingine, likachukua sifa. Alexander ille ni Alexander yule, yule mnayemjua wote. Baadaye, Kilatini kilipovunjika kuwa lugha nyingine, ille na illa zilichoka zikabaki vijineno vya kutangulia majina: Kifaransa kina le na la, Kihispania kina el na la, Kiitaliano kina il na la. Msomaji wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa ametumia ille maisha yake yote bila kuambiwa. Kiswahili nacho kinaelekea huko katika hadithi: "Yule mzee akamwambia yule kijana" haionyeshi mtu kwa kidole. Inasema tu kwamba ni mzee na kijana tuliokwisha kuwataja.

Vioneshi vimeingia hata katika Kilatini cha ofisini. Kamati ya ad hoc ni kamati iliyoundwa "kwa ajili ya hili", hoc ikiwa ni "hili". Kazi ikiisha, kamati nayo imekwisha, angalau kwa mujibu wa sarufi.

Is, na ndugu yake idem

Is (wa kike ni ea, wa jinsi ya tatu ni id) ndiye "yeye" wa kawaida, asiye na kidole wala hisia. Anamrudia tu aliyetajwa. Kilatini hakina "yeye" rasmi wa nafsi ya tatu anayelingana na ego na tu. Kazi hiyo amepewa is. Kifupisho i.e. unachokiona vitabuni ni id est, "hiyo ni", ambayo sisi tunaisema "yaani".

Ukimwongezea is mkia wa -dem unapata idem, "yuleyule". Sisi tunapata maana hiyo kwa kurudia neno: huyuhuyu, yuleyule, palepale. Wanasheria wana kanuni inayoitwa ejusdem generis, "ya aina ileile", na ni kanuni yenye kazi. Tuseme sheria ndogo ya kijiji inakataza kuingiza shambani "ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wengine". Je, punda yumo? Bila shaka, naye hufugwa. Je, tembo aliyetoka hifadhini usiku na kula mtama? Kwa kanuni hiyo hapana, kwa sababu "wengine" inasomwa kuwa "wengine wa aina ileile". Kwa wakulima wanaopakana na hifadhi, hilo ni swali la chakula cha mwaka mzima.

Ng'ombe wake: wa nani?

Sasa tumefika kwenye kiini. Soma sentensi hii: "Mwita aliuza ng'ombe wake." Ng'ombe ni wa nani?

Utasema ni wa Mwita. Inawezekana. Lakini kama sentensi iliyotangulia ilikuwa inamzungumzia Marwa, huenda ng'ombe ni wa Marwa, na Mwita ana maelezo ya kutoa. Neno "wake" halituambii. Katika nchi ya wafugaji, ambako ng'ombe ni mahari, ni ada ya shule na ni akiba, "wake" asiyejulikana anaweza kuwapeleka watu polisi.

Kilatini hakiachi mwanya huo.

- Mwita bovem suum vendidit: Mwita aliuza ng'ombe wake, yaani wa Mwita mwenyewe.
- Mwita bovem eius vendidit: Mwita aliuza ng'ombe wake, yaani wa mtu mwingine.

(Jina Mwita, likiishia na -a, linakaa katika Kilatini bila kusukumwa, pamoja na agricola, mkulima, na nauta, baharia. Marwa vilevile.)

Suus ni kimilikishi kirejezi: kinarudisha umiliki kwa mtendaji wa sentensi. Eius ni umbo la is lenye maana ya "-a yule". Ukizishika hizi mbili umeshika kitu ambacho Kiingereza na Kiswahili hukipata kwa kuongeza neno tu: "ng'ombe wake mwenyewe".

Upande wa kitenzi, hata hivyo, tuko sawasawa na Walatini. Linganisha hizi tatu:

- Mwita se laudat: Mwita anajisifu.
- Mwita eum laudat: Mwita anamsifu.
- Mwita ipse laudat: Mwita mwenyewe anasifu.

Kiingereza kina neno moja kwa sentensi ya kwanza na ya tatu, ndiyo maana wanafunzi wao huchanganya se na ipse mpaka mtihani wa mwisho. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu. Se ni -ji-, tendo linalomrudia mtendaji. Ipse ni "mwenyewe", neno la kukazia tu. Anayejikata hajafanya jambo moja na anayekata mwenyewe.

Se ina tabia mbili za kuzingatia. Haina umbo la mtenda, na ukifikiri kidogo utaona kwamba haiwezi kuwa nalo: kinachorudi lazima kiwe kimetoka kwingine. Pili, ni ya nafsi ya tatu peke yake, umoja na wingi. Kwa "najisifu" Mlatini alisema me laudo, kwa "unajisifu" te laudas. Hapa sisi ndio tuliorahisisha: -ji- yetu haichagui nafsi.

Tukitoka shuleni na kuingia mahakamani, viwakilishi hivi vinasimamia misingi mizito. Mahakama ya Rufani ikiibua hoja ambayo hakuna upande ulioileta, inasemwa imeibua suo motu, "kwa msukumo wake yenyewe". Na ikifanya hivyo inatakiwa iwape pande zote nafasi ya kusema juu ya hoja hiyo kabla ya kuiamua. Msingi mwingine ni nemo judex in causa sua: hakuna awaye hakimu katika shauri lake mwenyewe. Msingi wote unaning'inia kwenye sua. Weka eius mahali pake, uone: "hakuna awaye hakimu katika shauri la yule." Mahakama zingefungwa. Na pale jaji anaposema res ipsa loquitur, "jambo lenyewe linasema", ni ipse katika umbo la kike: gunia limemdondokea mpita njia kutoka ghorofani, hakuna haja ya shahidi wa kueleza kwamba kuna mtu alizembea.

Aliyetumia se kuliko wengi ni Julius Caesar. Alipoandika habari za vita vyake vya Galia, hakusema "mimi". Alijiita Caesar, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, na kila wajumbe walipokuja kwake, mapendekezo yao na majibu yake yakaandikwa kwa se, sibi na suus. Mwana wa Butiama, huko huko Mara, aliyebatizwa kwa jina la Julius mwaka 1943, ndiye aliyeuleta mchezo wa Shakespeare wa Kaizari huyo katika Kiswahili. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka mwaka 1963, na toleo lililorekebishwa, lenye jina la Juliasi Kaizari, mwaka 1969.

Nisikudanganye kwamba Kilatini hakina giza lake. Mwita anapoleta malalamiko yake barazani, sentensi inakuwa: Mwita dicit Marwam bovem suum vendidisse. "Mwita anasema Marwa aliuza ng'ombe wake." Sasa kuna watendaji wawili, anayesema na aliyeuza, na suum inaweza kumrudia yeyote kati yao. Waandishi makini waliona shimo hilo, na mahali pengine wakatumia ipsius, umbo la ipse, kumrudisha msomaji kwa msemaji mwenyewe. Mzee wa baraza wa Issenye angetumia njia ya mkato zaidi: angeuliza, "Wake nani?"

Kwa ufupi: kabla hujatafsiri "-ake" kwenda Kilatini, uliza kama mwenye mali ndiye mtendaji. Kama ndiye, suus. Kama siye, eius.

Aliye-, niliyem-, ambaye

Kirejeshi ni kiwakilishi kinachofunga sentensi ndogo kwenye jina: "mtu aliyekuja". Kilatini kina qui, quae, quod. Kanuni yake inaelezwa kwa sentensi moja yenye nusu mbili: jinsi na idadi inazipata kwa jina inalolirejea, lakini umbo lake linatokana na kazi yake ndani ya sentensi ndogo.

- homo qui venit: mtu aliyekuja
- homo quem vidi: mtu niliyemwona
- homo cui bovem dedi: mtu niliyempa ng'ombe
- homo cuius bos periit: mtu ambaye ng'ombe wake alikufa

Nusu ya kwanza ya kanuni tunayo: mtu aliyekuja, kitu kilichokuja, gari lililokuja. Nusu ya pili tunayo kwa sehemu, kwa sababu -ye- yetu haibadiliki na kazi ya kuonyesha mtendwa tumeiachia -m-. Mfano wa mwisho ndio unaotushinda. Kwa "cuius" inabidi tulete "ambaye", kisha "wake" juu yake, maneno mawili kwa moja.

Kirejeshi chenye faida kubwa sokoni kiko katika kanuni nemo dat quod non habet: hakuna atoaye asicho nacho. Quod ni "ambacho". Ukinunua mnadani ng'ombe aliyeibwa, hata kama umelipa bei kamili na una risiti mkononi, mwizi hakuwa na umiliki wa kukupa. Sheria ya mauzo ya bidhaa ina hali chache inazozitenga, lakini huo ndio msingi, na wanunuzi wanaofahamu hudai kwanza kibali cha kuhamisha mifugo ndipo wahesabu fedha.

Na quorum? Ni qui katika wingi, "ambao miongoni mwao". Zamani Uingereza, hati za kuteua mahakimu wa amani zilitaja majina mengi, kisha zikasema kwamba miongoni mwa hao, fulani au fulani lazima awepo. Neno la kwanza la kifungu hicho likang'oka likawa jina la idadi inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Sisi tunaiita akidi. Katiba ya Tanzania ya 1977 inaweka akidi ya Bunge kuwa nusu ya wabunge wote.

Nani, fulani, yeyote

Viulizi havihitaji muda mrefu. Quis ni nani, quid ni nini. Likifuatwa na jina, umbo linakuwa lilelile la kirejeshi, na maana inakuwa "gani" au "yupi": qui homo ni "mtu gani". Swali la mahakamani Roma, cui bono, "kwa faida ya nani", bado ni swali zuri la kuanza nalo mali ikipotea.

Viwakilishi visivyotaja mtu kamili ndivyo vyenye ladha:

- aliquis: kuna mtu, ila sijui ni nani
- quidam: mtu fulani, namjua, simtaji
- quisque: kila mmoja
- quivis, quilibet: yeyote umtakaye
- nemo: hakuna mtu
- alius: mwingine
- alter: wa pili kati ya wawili

Tofauti ya aliquis na quidam hufundishwa kwa taabu kwa sababu Kiingereza huzisema zote kwa neno moja. Sisi tuna "fulani", neno la Kiarabu tulilolifanya letu, na kila aliyekaa kijiweni anajua kwamba anayesema "kuna mtu fulani anakula fedha za kijiji" anamjua kwa jina na kwa nyumba. Huyo ni quidam. "Kuna mtu amegonga mlango" ni aliquis. Aliquis likija baada ya si, "kama", hudondosha kichwa na kubaki quis: si quis, "kama mtu yeyote".

Alius ndiye mzazi wa alibi, "mahali pengine": mshtakiwa anadai siku ya tukio alikuwa kwingine. Tanzania sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka atoe taarifa mapema kwamba atajitetea hivyo, upande wa mashtaka usije ukashtukizwa.

Alter ni mwenye masharti. Linataka watu wawili, wasizidi. Ndiyo maana msingi wa pili wa haki ya asili, mwenzi wa nemo judex, husomeka audi alteram partem, "usikilize upande wa pili", na haukusema aliam. Walioutunga walikuwa wanafikiria mdai na mdaiwa. Wakija barazani ndugu watatu wanaogombea shamba moja la marehemu baba yao, alteram haitoshi tena. Mlatini makini angebadili aandike ceteras partes, "pande zilizobaki", na karani angelazimika kuongeza kiti.